Nati ya Upande wa Kulia

Watu wa yadi walimwita Fundi Kaza, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini na minane, shingo nene, viganja vimeingia girisi kwenye mistari mpaka sabuni imekata tamaa navyo. Ungemkuta amepiga magoti kando ya gurudumu, amechomeka kipande cha bomba kwenye mkia wa spana ili apate nguvu zaidi, anaigombeza nati kama mtu anayegombeza mbuzi aliyeingia jikoni: kaza, kaza, kaza mpaka ilie. Nati ikishalia ndipo anachomeka pini yake, anafuta jasho, anasimama. Na ole wako umwambie imezidi. Angekuuliza wewe ufundi umeanza lini, na kabla hujajibu angekuwa ameshakupa mgongo.

Kazi yake ilikuwa kutunza trela ya kubebea boti. Yadi ile ilihifadhi boti za watu wenye pesa za kununua boti na wasio na pahali pa kuiweka. Mwenye boti akiitaka, inapakiwa kwenye trela na kuvutwa kilomita arobaini mpaka majini, na akimaliza starehe zake inafuatwa hukohuko. Trela yenyewe ilikuwa moja tu, ya ekseli moja, na magurudumu mawili madogo yaliyoonekana kama yameazimwa kutoka kwenye toroli.

Sasa, mtu asiyejua ataona gurudumu ni gurudumu tu. Thubutu! Gurudumu la trela ya boti limelaaniwa. Linakimbia barabarani mpaka kitovu chake, mafundi hukiita habu, kinapata moto. Halafu, na moto wake huohuo, linatumbukizwa kwenye maji ya chumvi ili boti ielee. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea, na ikinywea huvuta maji kupitia sili, ile pete ya mpira inayoziba upande wa nyuma. Maji yakishaingia, girisi inageuka uji wa kijivu, beringi zinashika kutu, na siku moja gurudumu linakwama, au linatoka na kulitangulia gari barabarani. Ndiyo maana kwenye ukuta wa yadi paliandikwa kwa rangi nyekundu: UKIFIKA MAJINI SUBIRI NUSU SAA HABU ZIPOE. Na ndiyo maana kila beringi ilipokufa hakuna aliyehangaika kutafuta mchawi. Dereva hakusubiri, basi.

Kila Ijumaa Fundi Kaza aliyafungua magurudumu, akaziosha beringi kwa dizeli, akazijaza girisi mpya kwa kiganja, akarudisha kila kitu na kukaza mpaka ikalia. Ijumaa moja akikosa, hapana neno. Akikosa mbili, gurudumu limekufa. Ilikuwa hivyo miaka kumi na mmoja, bila kosa, na jambo hilo lilimfunga kuliko pingu. Siku anamwoza binti yake wa kwanza, simu ya yadi ililia hajamaliza hata kupeana mkono na wakwe. Msiba wa baba yake alikaa siku tatu, ya nne yuko chini ya trela, macho mekundu, watu wanadhani ni dizeli. Likizo yake ndefu kuliko zote ilikuwa siku tisa, na siku ya tisa yenyewe aliimalizia barabarani akirudi.

Usidhani kwamba mwenye yadi alimkatalia ruhusa. Laiti angemkatalia! Mtu akikukatalia unapata pa kugombania. Huyu alikuwa mjane mmoja mwenye sauti tamu, waliyemwita Mama Boti, na yeye silaha yake ilikuwa sifa. Fundi akienda kuomba mwezi mmoja, anakalishwa kwenye kiti chenye mto, anamiminiwa chai, anaambiwa kwamba mkono wake una baraka, kwamba siku akiondoka geti litafungwa na watoto wa watu watalala njaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu wetu kila akisifiwa alizidi kukaza. Na tuseme kweli: sifa zile alizipenda. Alinung'unika, ndiyo, lakini ungemsikia akiwaambia madereva, na kifua mbele, kwamba yeye akigeuka tu wiki mbili wao wamekwisha.

Alilala palepale yadini, chumba cha nyuma ya stoo, ukuta wa mabati, kitanda cha futi tatu, dirisha moja. Dirisha lilitazama trela. Mkewe, zamani walipokuwa wakiishi humo wote wawili, alilishonea pazia zito la rangi ya kahawa, na siku alipoondoka aliondoka nalo. Kwa hiyo kila asubuhi Fundi Kaza alifumbua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni lile gurudumu la kulia, limemkodolea macho. Kuna siku alitoka nje na suruali mkononi ili apate hewa.

Mke aliondoka miaka minne iliyopita, na sababu naisema sasa hivi, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Ndugu wa huyo mke, wa tumbo moja, alikuwa dereva wa yadi ileile. Walimwita Taratibu kwa jinsi alivyoendesha, kwamba hata kuku walikuwa wanampita. Siku moja, akiwa safarini na boti ya mteja, Taratibu alisimamisha gari njiani, akatoa spana, akailegeza nati ya gurudumu la kushoto. Alionwa na watu. Akaendelea na safari, na kilomita chache mbele gurudumu likatoka, boti ikalala ubavu mtaroni. Mama Boti akaitisha kikao bandani, wafanyakazi wote wamesimama. Taratibu alijitetea kwamba habu zilikuwa zinawaka moto na kwamba nati zilikuwa zimekazwa mno. Fundi Kaza alimkata kauli mbele ya watu wote. "Shemeji," alimwambia, "kazi ya dereva ni usukani." Kisha akatia sahihi karatasi inayosema kwamba dereva aliichezea trela, na kwa karatasi hiyo Taratibu alifukuzwa. Barua ya kufukuzwa ikamfuata kila alikoomba kazi ya udereva, mpaka akaishia kusukuma mkokoteni sokoni, huko kwao bara. Dada yake, yaani mke wa fundi, alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akafunga mizigo, akaenda kukaa kwa ndugu yake.

Hawakuachana. Fundi alikuwa anamtembelea mkewe huko, siku mbili, siku tatu, mpaka simu ilie. Taratibu siku hizo alikuwa haonekani, ameenda sokoni mapema, amerudi amechelewa.

Mwaka huu, tarehe mosi ya mwezi ninaousimulia, mke alipiga simu mwenyewe. Hakupandisha sauti.

"Baba watoto," alisema, "mimi sijaachika, sijafiwa, na mume sina. Mwezi huu ukiisha hujaja, na mizigo yako yote, basi usije tena kama mume. Uje kama mgeni."

Fundi Kaza aliijua sauti ile. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akakikataa kiti chenye mto, akasema amesimama kwa sababu anaacha kazi. Mama Boti alimtazama, akatabasamu, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kama kawaida yake. Akasema nani amemzuia? Siku ile trela itakapoweza kwenda bila yeye, siku hiyo na yeye aende, kwa baraka zote na barua nzuri ya sifa. Alisema hivyo kwa kuwa alijua siku hiyo haipo. Lakini fundi naye, kwa mara ya kwanza, alikuwa amekuja na jibu. Akaomba habu mpya. Si beringi, la, habu nzima, pande zote mbili, na magurudumu makubwa yenye matundu matano ya bolti badala ya yale ya matundu manne. Gurudumu kubwa huzunguka mara chache kwa safari ileile, na kisichozunguka sana hakipati moto sana. Mama Boti alishaaibika mara nyingi mbele ya wateja wake, akakubali.

Vitu vilifika tarehe kumi na tisa. Zikabaki siku kumi na moja.

Wewe acha tu, siku zile alifanya kazi! Aliinua trela kwa jeki mbili, akatia magogo chini ya fremu, akayang'oa magurudumu ya zamani na kuyatupa nyuma ya choo. Ncha za ekseli alizisugua kwa msasa laini na dizeli mpaka akaona uso wake ndani. Upande wa kulia ulikuwa na alama ya bluu, ile rangi ya chuma kilichoungua, na hata wa kushoto ulikuwa nayo kidogo. Alilaani madereva wote aliowahi kuwajua, akaendelea. Madigadi, yale mabati ya kuzuia matope, ilibidi ayapandishe juu inchi mbili ili magurudumu makubwa yapate nafasi. Beringi mpya zilikuwa za vichuma vya mviringo vilivyolala mshazari, mbili kila habu, ya ndani kubwa, ya nje ndogo. Akatia girisi kiganjani, akaikandamizia beringi hadi girisi ikachomoza upande wa pili, taratibu, bila haraka, kazi ambayo mkono wake ungeweza kuifanya hata ukiwa usingizini. Sili akaigonga kwa kipande cha ubao ili isipinde. Vifuniko vya mbele vilikuwa vya aina ambayo hakuwahi kuiona, vina springi ndani, inaisukuma girisi muda wote ili maji yasipate pa kuingilia.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya picha. Fundi Kaza hakuwa mtu wa kusoma karatasi za maboksi, lakini dereva mpya alikuwepo, kijana mmoja aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, na Redio akaikunjua na kuanza kuitangaza. Picha ya kwanza: kaza nati huku unazungusha gurudumu. Picha ya pili: ilegeze. Picha ya tatu: irudishe kwa vidole viwili tu, na mkono uliochorwa ulikuwa umeishika nati kwa kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayeokota sindano. Picha ya nne: gurudumu likitikiswa, licheze kidogo sana.

Fundi Kaza alicheka mpaka akakohoa. Nati ya vidole viwili, na boti ya tani moja na nusu juu yake! Alimweleza Redio kwamba aliyechora picha ile hajawahi kubeba hata ndoo. Yeye alifundishwa na mwalimu wake, kwenye karakana ya mikokoteni mikubwa ya kuvutwa na trekta, kwamba nati ya gurudumu haikazwi nusu. Na ni kweli, alifundishwa hivyo. Ila habu za mikokoteni ile zilikuwa na bomba la chuma katikati ya beringi mbili, ukikaza nguvu zote zinabebwa na bomba, beringi haziumii. Habu za trela ya boti hazina bomba hilo. Hazijawahi kuwa nalo, wala zile za zamani. Mikono yake ilitoka karakana moja ikaingia nyingine bila kuuliza chochote.

Basi, kwa kumkomesha Redio, akaamua kushindanisha. Upande wa kushoto akaufunga kwa mujibu wa karatasi, vidole viwili, huku anatikisa kichwa. Upande wa kulia akaufunga kwa mujibu wa Fundi Kaza, na bomba lake kwenye mkia wa spana, mpaka ikalia. Alimwambia Redio watapima majini, na gurudumu la karatasi likitoka njiani atalipaka chumvi alile.

Tarehe ishirini na saba walipakia boti, wakatoka. Redio alikuwa kwenye usukani na hadithi zake za mpira, Fundi Kaza ameketi pembeni, jicho kwenye kioo. Nusu ya safari walisimama kwenye kituo cha mafuta. Fundi alishuka, akaenda kwanza kushoto, akaugusisha mgongo wa mkono kwenye habu, kama alivyozoea. Ilikuwa na uvuguvugu tu. Akazunguka kulia. Hakuufikisha mkono. Joto lilimpokea kabla hajagusa. Akatema mate juu ya kifuniko, mate yakachemka, yakakauka.

Redio aliuliza kutoka ndani ya gari kama mambo ni shwari. Alijibiwa waende.

Walipofika majini, habu ya kulia ilikuwa inanuka girisi iliyoungua na rangi ya kifuniko imevimba malengelenge. Ya kushoto ungeweza kuiegemeza shavu. Redio alizima gari, akaelekeza kidole kwenye saa yake: sheria ya yadi, nusu saa. Akaenda kutafuta mtu wa kuzungumza naye. Fundi Kaza akaketi kwenye mteremko wa saruji, mgongo kwenye tairi la kushoto, uso kwa lile la kulia.

Nusu saa ni ndefu, jamani. Kwanza alijaribu kujidanganya: labda beringi ya upande huu ilikuja mbovu, labda barabara inainamia kulia, labda ekseli imepinda. Aliziangusha moja baada ya nyingine, kwa kuwa mwongo mzuri hakuwa. Beringi zilitoka boksi moja. Barabara ilikuwa ileile. Ekseli aliipima mwenyewe kwa uzi. Kilichotofautiana kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kwenye kiganja chake.

Ndipo miaka kumi na mmoja ikaanza kumwangukia. Habu hazikuwa zinapata moto kwa sababu ya madereva. Zilikuwa zinapata moto kwa sababu ya nati yake. Zingesubiriwa nusu saa, zingesubiriwa saa nzima, zilikuwa zinachemka kiasi kwamba zinavuta maji vilevile. Kila Ijumaa alikuwa anafungua ugonjwa aliouweka Ijumaa iliyopita, anausafisha, anauweka upya. Harusi ya binti yake aliikimbia kwa ajili ya mkono wake. Msiba wa baba yake pia. Kile chumba cha mabati alijijengea mwenyewe, Ijumaa baada ya Ijumaa, na akapewa sifa kwa kila bati. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na yeye alikuwa ameliketia lake miaka yote akiwacheka wenzake.

Na Taratibu? Taratibu alisimamisha gari njiani, akaigusa habu, akaelewa. Dereva! Akailegeza nati. Ya kushoto. Na lililotoka, Fundi Kaza alikumbuka sasa, lilikuwa la kulia. La kulia ambalo hakuna aliyemwona akiligusa. Hata siku ile kikaoni jambo hilo lilimpitia kichwani, akalifukuza, akasema aliyelegeza moja ndiye aliyelegeza yote. Alisema kwa sauti, na watu wakaitikia.

Nusu saa ilipotimia alichukua spana, akaitoa pini ya kulia, akalegeza, akarudisha nati kwa vidole viwili. Safari ya kurudi alishuka mara tatu kupima. Pande zote mbili zilikuwa baridi.

Sasa tazama mtego ulivyo. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Trela imekwenda na kurudi salama, Redio shahidi, Mama Boti ameshatoa neno lake. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Angeweza kufunga mizigo akanyamaza, akaenda kwa mkewe na barua ya sifa mfukoni, na fundi mwenye barua kama ile hakosi kazi popote. Hakuna ambaye angejua. Lakini nyumba anayokwenda ni ya nani? Angekula na Taratibu sahani moja, asubuhi na jioni, mpaka mmoja wao afe, na nati ile iko katikati yao. Angetoka jela moja aingie nyingine, na ya pili haina hata dirisha.

Akapiga moyo konde, akaingia ofisini, akamwambia Mama Boti yote, kuanzia karakana ya mikokoteni hadi mate yaliyochemka. Mama Boti alimsikiliza mpaka mwisho. Chai yake ikapoa.

"Fundi wangu," alisema, "nani amekuuliza?"

Akamwelewesha kwa upole kwamba mambo yale yalishakwisha, mwenye boti aliridhika, dereva alishakwenda zake. Barua ya fundi iko tayari, ameiandika kwa mkono wake. Aichukue, aende kwa mkewe kwa amani.

Fundi Kaza aliomba barua nyingine. Iandikwe kwamba dereva hakuwa na kosa, ipigwe muhuri.

Hapo sauti tamu ikaisha. Mama Boti akamwambia kwamba kosa halielei hewani, lina mwenyewe. Akimtoa dereva lazima amtaje fundi, na akishaandika kwamba fundi wake alikuwa anaua beringi miaka kumi na mmoja, hawezi tena kutoa barua ya sifa kwa mtu huyohuyo. Achague moja. Na umri wake ule, bila barua, nani atampa hata kuziba pancha?

Alitazama barua yake mezani, iliyoandikwa vizuri, jina lake kamili juu, jina ambalo hata yeye alikuwa ameanza kulisahau. Alikuwa na hofu, na asikudanganye mtu kwamba hakuwa nayo.

"Andika ya dereva," alisema.

Mama Boti aliandika kwa hasira, mistari sita, akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika. Ile ya sifa akaichana mbele yake.

Alifika bara tarehe thelathini, alasiri, na mifuko miwili na begi moja begani. Taratibu siku hiyo hakwenda sokoni, au alirudi mapema, sijui. Alikuwa ameketi kwenye benchi uani, karibu na mkokoteni wake, mvi zimeongezeka. Mke alitokea mlangoni, akaihesabu mizigo kwa macho.

Fundi Kaza hakusalimia kwanza. Aliitoa barua akampa shemeji yake. Taratibu aliisoma polepole, kama alivyofanya kila kitu, akairudia tangu mwanzo, akaiweka juu ya goti na kuinyoosha mikunjo. Hakufurahi. Hakukasirika pia. Alionekana kama mtu aliyeletewa mzigo wake baada ya kusahau kwamba aliuagiza.

Kulikuwa na swali alilopaswa kuliuliza bandani miaka minne iliyopita, mbele ya watu wote, na hakuliuliza.

"Shemeji, siku ile ulilegeza la kushoto. La kulia uliliacha kwa nini?"

"Sikuliacha," Taratibu alisema. "Nilianza nalo."

Akaufunua mkono wake wa kulia. Kutoka chini ya kidole gumba hadi kidole cha mwisho ngozi ilikuwa nyororo, inang'aa, haina mstari hata mmoja.

"Kifuniko kilikuwa na moto, kikabaki na ngozi yangu. La kushoto nikalifungua kwa mkono huu mwingine, likakubali. Nikarudi kwa la kulia. Mkono mmoja haukuliweza, ulikuwa umelikaza mno."

"Mbona kikaoni hukusema?"

"Nilisimama mbele yako na kitambaa kimeloa damu, shemeji. Ulikuwa unaongea wewe."

Mke akaleta kigoda, akakiweka kando ya benchi la ndugu yake, akamwambia fundi aketi. Akaketi, begi likiwa bado begani.